Taa ya Jicho la Kushoto

4 Februari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, goti limetulia na kikohozi kimekuacha. Mimi huku sijambo. Shangazi naye hajambo, anakusalimu shingo upande kama kawaida yake, nami nakufikishia salamu zikiwa hivyo hivyo.

Picha zako zimefika zote bila mkwaruzo. Tumezifungua mimi na seremala wa ukumbi wetu wa maonyesho, tukaziegemeza ukutani kufuata miaka, kuanzia ile ya daraja uliyoichora zamani hadi hizi za karibuni. Ya mama niliiacha ya mwisho. Seremala alitaka kukata kamba, nikamwambia hii niachie mwenyewe.

Unajua kwa nini. Mama alifariki kabla sijajua kutembea, na alichoniachia cha kumtazama ni ile picha ya kitambulisho, nyeusi na nyeupe, yenye muhuri begani. Nimekua namjua kwa kijivu. Nikiuliza watu alikuwa wa rangi gani, kila mtu ana yake. Shangazi anasema mama alikuwa mweusi tii, na kwamba hii rangi yangu nimeichukua kwao, kwa upande wa baba. Wewe husema "maji ya kunde" halafu unabadilisha mazungumzo, na kunde zenyewe ziko za kila namna. Nikajiambia basi, Mjomba ni mchoraji na ni kaka yake wa tumbo moja, siku akimchora nitajua.

Sasa umemchora, amekaa anatunga uzi kwenye sindano, na bado sijajua. Uso una buluu chini ya ngozi, kama mtu aliyetolewa kwenye maji ya baridi. Gauni ni la kijivu, kijivu cha majivu. Mikono nayo vilevile. Umeichora vizuri, hilo halina ubishi, ule ulimi uliotokeza kidogo kwa kulenga tundu la sindano ulinifanya nicheke peke yangu. Lakini nauliza: ulikusudia awe hivyo?

Nauliza kikazi pia, maana kuchagua taa ndiyo kazi yangu hapa, na maonyesho yanafunguliwa mwanzoni mwa Juni. Nikijua ulichokusudia nitajua nikumulikie vipi.

Wako,
Mpwa wako

*

15 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba. Goti lipo, linanisaidia kutabiri mvua. Kikohozi kimehamia kwa jirani yangu mshonaji, namwonea huruma kutoka mbali. Vinginevyo mimi ni mzima wa afya.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa hasira. Buluu gani? Majivu gani? Gauni lile ni rangi ya asali. Alilishona mwenyewe, nilikuwepo, na siku nilipolichora nilihangaika na kibao cha kuchanganyia rangi mpaka asali ikatoka asali kweli. Uso ni maji ya kunde. Nimemchora mchana, dirishani, kwa mwanga wa jua ambao haujawahi kumdanganya mtu. Mimi huchanganya rangi kwa jicho tangu wewe hujazaliwa, na hakuna aliyewahi kuniambia nimemchora mtu akiwa ametoka majini.

Kwa hiyo tatizo ni taa zenu. Zibadilishe.

Samahani kwa mwandiko mkubwa, kalamu hizi za siku hizi hazina adabu. Na huyu mshonaji naye ameanza kunichosha. Ameniletea shati, kasema jeupe. Nikamwambia, bibi wewe, hili ni la krimu. Akaapa ni jeupe. Tumebishana mpaka chai ikapoa. Inaonekana mwaka huu watu wameamua kunifundisha rangi.

Msalimu Shangazi yako, shingo ikiwa katikati.

Mjomba

*

24 Februari

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Nafurahi kusikia u mzima. Mpe pole mshonaji. Sisi huku ni wazima, ila mimi nimepata maumivu ya shingo kwa kutazama dari siku nzima.

Nimefanya ulivyosema, nimebadilisha taa. Nikueleze kidogo ili unielewe. Kila taa tunayotumia ina namba ya rangi ya mwanga wake. Namba ndogo, kama elfu mbili na mia saba, ni mwanga wa manjano, unaofanana na wa kibatari. Ukipanda hadi elfu nne, mwanga ni mweupe usioegemea upande wowote, na huo ndio tunaotumia ukumbi mzima. Ukifika elfu sita unaingia kwenye buluu, kama mchana wa mawingu. Kinachochekesha ni kwamba watu wa taa huuita ule wa manjano "wa joto" na ule wa buluu "wa baridi". Kwa hiyo kwetu namba ikipanda, mwanga unapoa. Nimeshazoea, sishangai tena.

Nimeipitisha picha ya mama kwenye taa zote nilizonazo. Kwenye elfu sita alitisha, seremala aliomba nizime. Kwenye elfu nne ni vile nilivyokwambia. Kwenye elfu mbili na mia saba, uso ulianza kurudi. Haukufika, lakini ulianza. Gauni nalo likaonyesha dalili ya asali kwa mbali.

Sasa kuna jambo nimeliona na siwezi kulimeza. Picha yako ya daraja, na zile zote za zamani, chini ya taa nyeupe ziko sawa kabisa, mchanga ni mchanga na kutu ni kutu. Hizi za miaka ya karibuni ndizo zenye buluu, na kadiri zinavyosogea karibu ndivyo buluu inavyozidi. Ya mama, ambayo ni ya mwisho, ndiyo imezidi zote. Taa ni zile zile. Mimi hukuuliza afya, nawe hunijibu goti. Macho je?

Nakuomba ufanye jaribio dogo. Unalo lile jaribio la rangi la picha ya mama, kile kipande kidogo cha uso na mkono. Kitazame kwa mwanga wa joto, uniambie unaona nini.

Mpwa wako

*

6 Machi

Mpwa,

Marahaba. Mimi mzima, wewe je, na hiyo shingo?

Jaribio lako nimelifanya. Uliniambia mwanga wa joto, nami ni mtu wa kutii. Nyumbani sina taa yenye joto, zangu zote ni hizi za kisasa ambazo ukizishika hazikuunguzi. Nikazunguka mtaa mzima mpaka kwa mfuga kuku, akaniazima taa ya vifaranga. Hiyo ina joto, nakuhakikishia. Nikaifunga juu ya kile kipande, nikakaa kumtazama dada yangu.

Alikuwa mwekundu kama nyanya. Baada ya muda mfupi chumba kikaanza kunuka mafuta ya rangi, nikagusa, shavu limekuwa laini. Nikazima kabla hajayeyuka. Kurudisha taa nikakuta vifaranga wamejikunyata kwenye kona moja na mfugaji ananitazama kwa jicho la pembe. Sasa anataka kujua ni kazi gani ya sanaa inayohitaji taa ya kuku, na mimi sina jibu kwa sababu jibu unalo wewe.

Kama kwenu joto si joto na baridi si baridi, basi muwe mnaandika pembeni.

Kuhusu macho, yananifikisha dukani na kunirudisha.

Mjomba

*

14 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Sisi ni wazima. Nimecheka mpaka seremala akaja kuniangalia, kisha nikaacha kucheka.

Mshonaji amenipigia simu. Usimgombeze, niliacha namba yangu kwake mwaka jana kwa ajili ya mambo kama haya. Anasema unamwaga chai nje ya kikombe. Anasema jioni humtambui mpaka aseme neno. Shati ni jeupe, Mjomba. Ameniapia, na yeye anauza vitambaa.

Mimi siwezi kuchagua taa ya picha ambayo mchoraji wake ananificha anavyoona. Ningeweza kuitia elfu mbili na mia saba na kukaa kimya, watu wangepita wakasema picha nzuri. Ila mimi sitakuwa nimemwona mama. Nitakuwa nimeona nilichokisia. Nenda kapimwe macho, kisha uniandikie. Kabla ya hapo sitaigusa ile taa.

Mpwa wako

*

11 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba, na salamu nyingi kwako na kwa wote wa hapo. Najua nimekaa kimya kama maji ya mtungi. Nilikuwa na hasira na wewe, baadaye na mshonaji, baadaye nikakosa wa kumkasirikia, nikaenda hospitali.

Daktari ni binti mdogo kuliko wewe. Alinimulika, akaandika, akanimulika tena. Kisha akaniambia kwa sauti ya kunipongeza: "Mzee, una mtoto wa jicho. Macho yote mawili." Nikamwambia binti yangu, mimi sikuoa, miaka yote hii sikuwahi kusingiziwa hata mimba moja, leo unanipa watoto wawili kwa mpigo? Akacheka mpaka akavua barakoa. Anasema wamekuwa humo kwa miaka. Wanakua polepole, wana rangi ya manjano kama chai iliyokolea, na kila ninachotazama nakitazama kupitia kwao.

Nilitoka nje nikakaa kwenye benchi. Mimi si mtu wa taa, lakini najua hesabu ya rangi. Mtu akivalishwa kioo cha manjano bila kujua, ataona kila kitu kina manjano ya kutosha tayari. Akichora, manjano ataiacha kwenye chupa na mkono utafuata buluu mpaka vitu vilingane na anavyovikumbuka. Kwangu vimelingana. Kwenu ni mtu aliyetolewa majini. Kwa hiyo hukunisingizia.

Wanataka kuwatoa. Mmoja mmoja, hawatoi wote siku moja. Wataanza na jicho la kulia, likipona wanafuata la kushoto.

Nitakwambia ukweli, naogopa. Kisu hakinitishi, kwa umri huu nimeshachanjwa sana. Naogopa kufumbua jicho jipya nikamkuta dada yangu kawa maiti, na aliyemfanya hivyo ni mimi. Nilimchora kwa sababu nimebaki peke yangu ninayejua alivyokuwa. Shangazi yako alimwona harusini tu, tena alikuwa na lake moyoni. Nikifutiwa hii ninayoiona, sijui kama nitaipata tena.

Lakini nimekubali. Nimeandikiwa wiki ya mwisho ya mwezi huu.

Mjomba

*

19 Aprili

Mjomba wangu,

Shikamoo, na hongera kwa watoto. Nimemwambia Shangazi, kaguna, kisha kaniuliza kama una mtu wa kukupikia. Nimemwambia mshonaji yupo. Akaguna tena, kwa namna nyingine.

Najua unaogopa. Mimi pia naogopa, nilikusukuma mimi. Ukipona vizuri nitajipongeza, na ukiona usichotaka kuona utanilaumu, na nitapokea.

Naambatanisha boksi. Ndani kuna taa ambazo ni za joto kwa maana ya kwetu, hazimuunguzi mtu, unaweza kuzishika. Nimeandika namba kubwa kubwa kwa kalamu nzito kwenye kila moja, kuanzia elfu mbili na mia mbili hadi elfu nne. Hii ya chini kabisa imetoka stoo, sijawahi kuitumia, ni ya manjano mno, huwekwa kwenye sehemu za kulia chakula ili watu waonekane wazuri. Mrudishie mfuga kuku heshima yake.

Usifanye lolote mpaka daktari akuruhusu. Ukiruhusiwa, kitazame kile kipande cha mama kwa kila taa, uniambie kwa jicho jipya ni ipi inayomrudisha.

Mpwa wako

*

5 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Mimi mzima, na safari hii nimejibu pamoja na macho.

Jicho la kulia limefunguliwa. Kwanza niliona ukuta wa wodi, nikadhani wamepaka rangi usiku. Nilipofika nyumbani nikaliona shati. Ni jeupe. Nimemwomba mshonaji msamaha rasmi, amekubali kwa masharti. Anga ina buluu nyingi kuliko nilivyozoea, karibu ya kukera. Nimegundua pia kwamba mshonaji ana mvi, naye amegundua kwamba nimegundua.

Siku ya tatu nikapiga moyo konde, nikakigeuza kile kipande kilichokuwa kimetazama ukuta.

Ulivyoandika ndivyo. Uso wa mtu aliyelazwa. Nilikaa chini. Nikawa nawaza kukuandikia uziteremshe zote za miaka hii. Jicho jipya lilikuwa linatoa machozi, daktari alisema litatoa, nikalifunika kwa kiganja.

Dada yangu akarudi.

Nikaondoa kiganja, akaenda. Nikafumba, nikafumbua, nikabadilisha. Jicho la kulia maiti, jicho la kushoto mzima, uso wa maji ya kunde na ulimi nje akitafuta tundu la sindano. Nilifanya hivyo mpaka mshonaji akaniuliza ninamkonyeza nani. Anaishi kwenye jicho la kushoto, mpwa wangu. Yule mtoto aliyebaki ndiye aliyemshika.

Basi nikakumbuka boksi lako. Nikamweka mshonaji kwenye kiti, awe ananibadilishia taa. Kwanza natazama kwa jicho la kushoto kwa mwanga mweupe wa dirishani, nashika ile rangi kichwani. Kisha pazia linafungwa, taa inawashwa, natazama kwa jicho la kulia. Elfu nne, hapana. Elfu tatu, hapana. Elfu mbili na mia saba, kama ulivyosema, anaanza kurudi lakini kachoka. Mshonaji akasema hii iliyobaki ni ya hotelini. Nikamwambia weka.

Ni hiyo. Hiyo ya kuwafanya watu waonekane wazuri wakila. Jicho jipya chini ya taa ile na jicho la zamani dirishani vinamwona mtu mmoja. Tulirudia mara nyingi, hata mshonaji akachoka, kila mara ni hiyo hiyo.

Sasa sikiliza. Daktari ananiita kwa jicho la pili. Nimemwambia asubiri. Amesema mzee usifanye mzaha, nimemwambia sifanyi. Hili la kushoto ndilo kipimo pekee kilichobaki duniani cha rangi ya mama yako. Likishatolewa mtoto wake, hakuna wa kumuuliza. Iweke taa ile juu ya picha kubwa, uniandikie kwamba ipo na kwamba amekuja. Nikipata barua yako nitakwenda. Nisipoipata siendi, nitakaa na jicho langu bovu.

Mjomba

*

16 Mei

Mjomba wangu,

Shikamoo. Natumaini jicho halitoi tena machozi. Sisi wazima.

Msimamizi wa ukumbi alikataa. Alisema kila mchoraji akidai taa yake, ukumbi utakuwa kama duka la taa, na mwenye picha ya pembeni atalalamika kwamba manjano yanamwagikia kwake. Hana kosa, ningekuwa yeye ningesema hivyo hivyo. Sikubishana. Nilimwomba anisindikize hadi kwenye picha. Nikawasha elfu nne, nikamwacha atazame. Kisha nikazima, nikawasha ya kwako, nyingine ya namba ile ile niliyoitoa stoo.

Alitazama. Akaniuliza, "Huyu ni nani yako?" Nikamwambia. Akasema kuna kona chini ya ngazi, nyuma ya nguzo, mwanga wake hautamfikia mtu. Ni karibu na choo, Mjomba, nakwambia mapema usije ukasema nimekuficha. Lakini kuna benchi, na ukuta ni mzuri.

Taa ipo. Nimeiweka mwenyewe na nimeandika kwenye kibao cha mafundi kwamba asiibadilishe mtu. Amekuja. Gauni ni la asali. Nilikaa kwenye lile benchi muda wote wa chakula cha mchana na sikula.

Nikwambie linalonisumbua, maana wewe umenipa ukweli wako. Chini ya taa ile hata ukuta ni wa asali. Hata ndoo ya mfagiaji inapendeza. Namtazama mama na ninajiuliza kama hii ni rangi yake au ni rangi ya taa niliyoichagua mimi. Wewe una jicho la kupimia. Mimi sina cha kupimia, nimemjua kwa kijivu tu. Shangazi alikuja juzi, akatazama, akaniambia, "Hiyo ni taa, mama yako alikuwa mweusi tii."

Hata hivyo nenda. Ulisema ukipata barua utakwenda, na hii ndiyo barua. Sitaki uanguke kwenye mtaro kwa ajili ya swali langu.

Mpwa wako

*

20 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba, na salamu kwa wote. Mimi mzima. Macho mawili, yote mapya. Watoto wote wamekwenda zao. Naandika kwa herufi ndogo kama unavyoona, kalamu zimepata adabu.

Nisamehe kwa kutokukwambia. Nilikuja.

Nilifika wiki iliyopita, asubuhi ukumbi ulipofunguliwa, nimevaa miwani myeusi niliyopewa hospitali na kofia, hata mimi nisingejitambua. Mlinzi akanielekeza kwa heshima sana, akadhani natafuta choo. Nikakaa kwenye benchi. Sikuwa nimepanga kujificha, nilitaka kwanza nimwone kwa macho haya mawili nikiwa peke yangu, ili nikivunjika moyo nisivunjike mbele ya mtu. Nilivua miwani.

Ni yeye. Niliogopa bure.

Nilikuwa nimeivaa tena miwani ulipotokea na kitambaa chako cha kufutia vumbi. Ulisema, "Shikamoo, mzee," nikaitikia kwa kikohozi. Hukugeuka. Wewe ukiwa kazini huoni watu, unaona taa, mama yako alikuwa hivyo hivyo na sindano. Ulitazama juu, ukatazama picha, ukaona kwamba imepinda upande mmoja, jambo ambalo mimi nilikuwa nimeliona tangu nilipokaa. Ukainyoosha. Mkono wako ukabaki kwenye fremu, kando ya mkono wake wenye uzi.

Uliniandikia kwamba huna cha kupimia. Taa ile inadanganya, sawa, lakini inadanganya kila kitu kwa kiasi kile kile. Ukuta, ndoo, fremu, yeye, na wewe. Haikumpendelea yeyote. Mikono miwili ilikuwa pale chini ya taa moja, mmoja nimeuchora kwa kumbukumbu kupitia uchafu wa macho, mwingine hujawahi kuniomba niuchore. Nilivua miwani tena ili nihakikishe. Nilitafuta tofauti kama mtu anayetafuta kosa kwenye kazi ya mwenzake. Sikuiona.

Sikukuita, nilikuacha na taa zako. Nikaondoka ulipopanda ngazi yako.

Kwa hiyo Shangazi yako mwambie, kwa upole, kwamba hawakutoa rangi yoyote upande wao. Na wewe usiilinde sana ile taa. Ikiungua, iungue. Siku ukitaka kumwona mama yako, zima taa zote, nenda dirishani mchana, ukunjue mkono.

Mjomba